Suzanne Lenglen: Binti wa pumu aliyeitawala tenisi kwa miguu

KILA straika akiachia shuti la mbali na nyavu zikatikisika, jukwaani utamsikia mtu anasema jamaa ana mguu. Muulize kocha wa viungo wa timu yoyote, atakwambia ule mguu uliopiga mpira ndio wa mwisho kwenye foleni. Kazi imeanzia kwenye mguu mwingine, ule uliosimama pembeni ya mpira na kuikanyaga ardhi. Nyonga ikageuka, kiwiliwili kikafuata, halafu ndo mguu wa kupiga ukaja kama ncha ya mjeledi.

Kwenye tenisi mambo ni yale yale, ila wengi wetu hatuyaoni. Tunaona mkono umeshika raketi, tunadhani nguvu yote iko kwenye bega na msuli wa mkono. Ndo maana mtu akishika raketi kwa mara ya kwanza anapiga kwa mkono mtupu, dakika 10 nyingi, bega linawaka moto na mpira haujavuka wavu.

Leo tuachane kidogo na usajili na msimamo wa ligi. Kuna dada mmoja wa Ufaransa alifariki mwaka 1938, na maisha yake ni somo tosha la hii kitu. Alikuwa mwembamba, alizaliwa na kifua kibovu, na bado kwa miaka saba alizunguka viwanja vya Ulaya akiwafunga watu kama anacheza na watoto. Anaitwa Suzanne Lenglen.

MTOTO WA KUSHIKA DAWA

Suzanne alizaliwa Paris, Mei 24, 1899. Baba yake, Charles, alikuwa na uwezo. Alirithi kampuni ya magari ya abiria ya kukokotwa na farasi, akaiuza, akabaki na pesa na muda. Enzi za ujana wake alikuwa anashindana kwenye mbio za baiskeli. Yaani huyu mzee alikuwa mtu wa michezo na alijua miguu ina kazi gani.

Tatizo lilikuwa ni afya ya binti. Suzanne alikuwa na pumu, na ugonjwa ulikuwa unamrudia rudia. Majira ya baridi familia ilikuwa inahamia Nice, kusini mwa Ufaransa, kwenye joto na hewa ya bahari. Huko Nice mtoto alianza kuwashangaza watu kwa mchezo wa kurusha na kudaka kigurudumu kwa kamba iliyofungwa kwenye vijiti viwili. Ni mchezo wa mikono, lakini ukitaka kukidaka lazima miguu iwahi mahali kinapoangukia. Hilo baba yake aliliona.

Mwaka 1910, Suzanne akiwa na miaka 11, mzee alimnunulia raketi kwenye duka la vitu vya watoto. Lengo halikuwa ubingwa. Alitaka mtoto atoke nje, akimbie, kifua kifunguke. Miezi michache tu baadaye akagundua kwamba ana kitu mkononi ambacho hakukitarajia.

LESO KWENYE UWANJA

Charles Lenglen hakuwahi kuwa mchezaji mkubwa wa tenisi, lakini alikuwa na macho. Kule pwani ya Nice na Cannes ndiko mastaa wa Ulaya walikuwa wanakuja kucheza wakati wa baridi. Mzee alikuwa anakaa pembeni anatazama, anachambua nani anapiga nini vizuri, halafu anarudi nyumbani na kumfundisha binti.

Aligundua kitu kimoja cha maana sana. Wanawake wengi wa wakati ule walikuwa wanabaki nyuma ya uwanja na kurudisha mpira taratibu, wakisubiri mwenzao akosee. Wanaume walikuwa wanashambulia. Wanaanzisha mpira kwa kuupiga kutoka juu ya kichwa, wanausogelea wavu, wanaumaliza mpira hewani kabla haujadunda. Mzee akaamua binti yake atacheza kama wanaume.

Sasa hapo ndo swali lilipokuja. Mtoto mwembamba, mwenye pumu, atapata wapi nguvu ya kucheza kama mwanamume?

Jibu la mzee lilikuwa mazoezi ya mwili mzima, kuanzia chini. Suzanne alikimbia, aliogelea, aliruka kamba. Akimaliza hayo anaingia uwanjani. Mzee alikuwa anatandika leso upande wa pili wa wavu na kumtaka binti aipige kwa mpira. Akiipiga, leso inakunjwa inakuwa ndogo zaidi. Akiipiga tena, inakunjwa tena. Alikuwa baba mkali, na hakuona shida kumkaripia binti yake mbele ya watu akikosea.

Ukiifikiria ile leso utadhani ni zoezi la mkono. Jaribu mwenyewe. Huwezi kuipiga leso mara kumi mfululizo kama miguu yako inafika mahali tofauti kila mara. Ukichelewa hatua moja unapiga mpira ukiwa umejivuta. Ukiwahi sana unaupiga ukiwa umebanwa na mwili wako. Mkono unapiga sehemu ile ile pale tu miguu inapouweka mwili sehemu ile ile. Leso ilikuwa inafundisha miguu.

Matokeo yalikuja haraka kuliko ilivyotegemewa. Mwaka 1914 Suzanne alifika fainali ya ubingwa wa Ufaransa akafungwa na Marguerite Broquedis. Wiki chache mbele, siku kadhaa tu baada ya kutimiza miaka 15, akabeba ubingwa wa dunia wa viwanja vigumu uliochezwa Saint-Cloud, jirani na Paris. Miezi miwili baadaye vita kuu ikaanza na mashindano makubwa yakasimama kwa miaka minne na zaidi.

NGUVU INATOKEA WAPI?

Kabla hatujaenda Wimbledon, tuweke hili sawa, maana bila hili hutaelewa kwa nini watu walichanganyikiwa walipomwona.

Ukiisukuma ardhi, ardhi nayo inakusukuma. Ni fizikia ya shuleni tu, ile ya Newton. Mchezaji anapokunja magoti na kusukuma chini, nguvu inarudi juu kupitia vigimbi na mapaja. Inafika kwenye nyonga, ambayo ndo kiungo kikubwa cha kugeuza mwili. Nyonga ikigeuka inavuta kiwiliwili, kiwiliwili kinavuta bega, bega linavuta kiwiko, kiwiko kinavuta kifundo cha mkono, na mwisho kabisa raketi. Kila kiungo kinapokea mwendo kutoka kwa mwenzake na kuongeza wa kwake.

Watafiti wa michezo wa siku hizi wanakadiria kwamba karibu nusu ya nguvu ya kuanzisha mpira kwenye tenisi inazalishwa na miguu, nyonga na kiwiliwili. Ukiikata miguu kwenye huo mnyororo, bega linalazimika kufidia lile pengo. Bega ni kiungo kidogo, halikuumbwa kwa mzigo huo, na ndo maana wachezaji wasiotumia miguu wanaishia kuumia mabega na viwiko.

Kitu cha pili ni uzito. Anayejua kupiga anauhamisha uzito wake kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele wakati mpira unakuja, ili raketi inapogusana na mpira mwili mzima uwe unaelekea kule mpira unakokwenda. Mtu wa kilo 55 anayesogea mbele anaweza kupiga mpira mzito kuliko mtu wa kilo 80 anayeegemea nyuma. Mcheki straika anayepiga shuti huku mwili umelala nyuma. Mpira unapaa unaenda kwa mashabiki. Ni kosa lile lile.

Cha tatu ni kale karuko kadogo. Golikipa mzuri kabla penalti haijapigwa unamwona anadunda kidogo kwenye vidole, magoti yamekunjwa. Anajiandaa kusukuma ardhi upande wowote. Mchezaji wa tenisi anafanya hivyo kila mpinzani wake anapogusa mpira. Hata kwenye mpira wa meza na vinyoya ni hivyo. Ukikutwa umesimama wima na visigino viko chini, umekwisha.

Na kumbuka Suzanne alicheza na raketi ya mbao, yenye nyuzi za utumbo wa wanyama. Raketi zile hazikuwa zinakusaidia kama hizi za leo ambazo ni nyepesi na zina uso mpana. Tena sheria za wakati ule zilimtaka mwanzishaji mpira abaki amegusa ardhi, hakuna kurukia mpira kama tunavyoona leo. Nguvu yote ilibidi uitoe kwenye magoti, nyonga na kuhamisha uzito.

SKETI ILIYOZUA KELELE

Mwaka 1919, Suzanne akaingia Wimbledon kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka 20. Hayo yalikuwa mashindano yake ya kwanza kwenye nyasi.

Kilichowashtua watu kwanza hakikuwa mpira wake. Kilikuwa nguo. Wanawake wengi wakati ule walicheza wamevaa mashati ya mikono mirefu, sketi ndefu hadi karibu na kifundo cha mguu, sketi nyingine za ndani, na chini ya yote hayo koseti, lile vazi gumu la kubana kiuno na mbavu. Suzanne akatokea na gauni jepesi la mikono mifupi, sketi inaishia kwenye kigimbi, na ndani hana koseti. Baadhi ya magazeti ya Uingereza yalipiga kelele kwamba hiyo si heshima.

Sasa rudi kwenye ule mnyororo tuliouchora pale juu. Koseti inabana wapi? Kiunoni, pale pale ambapo nguvu ya miguu inatakiwa ipite kwenda kwenye bega. Sketi ndefu inazuia nini? Hatua ndefu na kukunja magoti. Kwa hiyo wanawake walikuwa wanafungwa sehemu zote mbili zinazotengeneza nguvu, halafu watu hao hao wanasema wanawake hawana nguvu.

Elizabeth Ryan, Mmarekani aliyecheza naye wawili wawili kwa miaka mingi, alikuja kusimulia kwamba zamani kwenye vyumba vya kubadilishia nguo koseti zilikuwa zinatundikwa karibu na moto zikauke, na nyingi zilikuwa na damu. Hao ndio walikuwa wapinzani wa Suzanne. Walikuwa wanapigana na nguo zao kabla hawajaanza kupigana na yeye.

Baadaye nguo zake zilikuwa zinashonwa na mbunifu mkubwa wa Paris, Jean Patou, akawa anaongoza mitindo duniani, akijifunga kitambaa kichwani na wasichana wanaiga. Watu wanapenda kuikumbuka hiyo stori kama stori ya fasheni. Mimi naiona kama stori ya nyonga.

GEMU 44 NA CHUPA YA BABA

Kwa utaratibu wa zama zile bingwa mtetezi alikuwa anasubiri tu fainali. Mtetezi alikuwa Mwingereza Dorothea Lambert Chambers, miaka 40, mama wa watoto wawili, bingwa mara saba. Mfalme George V na Malkia Mary walikuwa jukwaani.

Hiyo mechi ilikuwa ni vita. Seti ya kwanza Suzanne akashinda 10-8. Ya pili Chambers akajibu 6-4. Binti akaanza kuishiwa pumzi, kifua kile kile cha utotoni kikaanza kudai. Baba yake akamrushia chupa ndogo ya brandi kutoka jukwaani, akapiga funda, akarudi uwanjani. Siku hizi angefungiwa.

Seti ya tatu Chambers akapata pointi mbili za ubingwa. Kwenye ya kwanza Suzanne alijinyoosha mbio kuufuata mpira ambao ulishakwenda, akaugusa na ubao wa raketi, ukapiga juu ya wavu ukaangukia upande wa mpinzani. Bahati? Ndiyo, kwa asilimia kubwa. Lakini bahati ile ilimkuta miguu yake imeshafika pale. Pointi ya pili nayo akaiokoa, akamaliza 9-7.

Gemu 44. Kwenye nyasi mpira unateleza na kubaki chini, kwa hiyo kila mpira unakudai ukunje magoti. Hebu fikiria kuchuchumaa nusu na kunyanyuka mamia ya mara, wakati mapafu yako hayakutoshi.

WALIVYOMWONA WAKATI ULE

Ukizitazama picha za Suzanne, nyingi zinamwonesha yuko hewani. Miguu yote imeacha ardhi, kidole cha mguu mmoja kimenyooka kama mcheza baleti, raketi iko juu. Waandishi wa wakati wake walikuwa wanamfananisha na wacheza dansi. Wengine walisema anaruka kwa mbwembwe tu, na ukweli ni kwamba mbwembwe alikuwa nazo, huyu dada alijua watu wamekuja kumwona.

Lakini huwezi kuruka vile bila kuwa umeisukuma ardhi kwanza. Picha ile inaonesha mwisho wa kazi. Sehemu ya kwanza, pale magoti yalipokunjwa na mguu wa nyuma ukasukuma, mpiga picha hakuinasa. Na angalia kiwiliwili chake kwenye picha hizo. Hata akiwa hewani kimetulia, hakijapinda hovyo. Ndo maana mpira wake ulikuwa na uzito na bado ulikuwa unaangukia pale alipotaka, kama ile leso ya baba.

Mwaka 1920 alikwenda Olimpiki ya Antwerp akachukua dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja. Kwenye mashindano yote alipoteza gemu nne tu, na tatu kati ya hizo zilikuwa kwenye fainali. Akaongeza dhahabu nyingine ya mchanganyiko akiwa na Max Decugis, na shaba ya wawili wawili.

Wimbledon alibeba ubingwa wa mmoja mmoja mara sita: 1919 hadi 1923 mfululizo, halafu 1925. Huo mwaka 1925 alipoteza gemu tano kwenye mashindano yote, na nusu fainali alimfunga Kitty McKane, bingwa mtetezi, 6-0, 6-0. Ukijumlisha na mataji ya wawili wawili aliyochukua na Ryan na yale ya mchanganyiko, anafikisha 15 Wimbledon peke yake. Watu walikuwa wanajaa kiasi kwamba uwanja wa zamani ukaonekana mdogo, na mwaka 1922 Wimbledon wakahamia pale walipo hadi leo. Kwa lugha yetu, huyu dada aliupiga mwingi.

SIKU MIGUU ILIPOGOMA

Usidhani maisha yalikuwa mteremko. Kati ya 1919 na 1926 alipoteza mechi moja tu ya mmoja mmoja, na hiyo moja ilimuumiza kuliko zote.

Ilikuwa 1921, Marekani, kwenye viwanja vya Forest Hills. Alisafiri kwa meli kuvuka Atlantiki akiwa mgonjwa, anakohoa, na baba yake hakuwa naye. Mechi ya mapema tu akapangwa na Molla Mallory, bingwa wa Marekani, mama mwenye mkono mzito. Mallory akashinda seti ya kwanza 6-2. Seti ya pili ilipoanza tu, Suzanne akashindwa kuendelea, akatoka uwanjani akikohoa na kulia.

Magazeti ya Marekani yakamwita mtoro. Walisema ameona anafungwa, akajifanya mgonjwa. Mashabiki wa mpira tunajua hiyo hukumu, tunaitoa kila wiki mchezaji akiinua mkono kuomba atolewe. Tukiwa jukwaani hatusikii kifua cha mtu.

Mwaka uliofuata wakakutana tena, fainali ya Wimbledon 1922. Suzanne alikuwa mzima. Ilichukua dakika 26, 6-2, 6-0. Mkono mzito wa Mallory haukuwa na la kufanya, kwa sababu kila mpira ulikuwa unarudi kabla miguu yake haijajipanga.

Mwaka 1924 ugonjwa wa manjano ukamtoa tena Wimbledon katikati ya mashindano. Mwili wake ulikuwa hivyo maisha yake yote. Ukiwa mzima unafanya maajabu, halafu unamwangusha bila taarifa.

CANNES, 1926

Februari 1926 ulimwengu wa michezo ulihamia Cannes. Mmarekani Helen Wills, miaka 20, bingwa wa kwao, alikuja Ufaransa kumtafuta Suzanne. Waandishi walikuja kutoka kila kona. Tiketi ziliuzwa bei ya kuruka, na waliokosa walipanda juu ya miti na mapaa ya nyumba za jirani.

Hapa lazima tuseme ukweli. Kwa nguvu tupu ya kupiga mpira, Wills alikuwa juu. Alikuwa na mwili imara na alizoea kufanya mazoezi na wanaume. Udhaifu wake ulikuwa kwenye kutembea. Ukimwachia asimame vizuri, mpira unarudi kama jiwe. Ukimsogeza pembeni, mnyororo unakatika kuanzia chini.

Suzanne alifanya hivyo hivyo. Alimpeleka kushoto, akamrudisha kulia, akamvuta mbele, akamrusha nyuma. Alishinda 6-3, 8-6. Kwenye seti ya pili, akiwa na pointi ya ushindi, mtu mmoja alipaza sauti kwamba mpira wa Wills umetoka. Wakapeana mikono, watu wakaingia uwanjani na maua. Ghafla mwamuzi wa mstari akasema sauti ile haikuwa yake, mpira ulikuwa ndani. Ikabidi warudi kucheza. Wills akasawazisha 6-6, lakini Suzanne akajikusanya na kumaliza.

Hawakukutana tena kwenye mechi ya mmoja mmoja.

PESA NA MALKIA

Miezi michache baadaye, Wimbledon, ratiba ilibadilishwa bila yeye kupata taarifa ya uhakika. Alichelewa kufika, na siku hiyo Malkia Mary alikuwa jukwaani anamsubiri. Uingereza ikamgeuka, ikaonekana amemdharau malkia. Mashabiki waliokuwa wanalala foleni kumwona wakaanza kumzomea, naye akajitoa kwenye mashindano. Hakurudi tena kucheza pale.

Wakati huo tenisi kubwa ilikuwa ya ridhaa. Klabu zinauza tiketi, mchezaji halipwi. Suzanne akakubali ofa ya promota wa Kimarekani, C.C. Pyle, aliyekuwa anamsimamia staa wa mpira wa Kimarekani, Red Grange. Dau lilitajwa kuwa dola 50,000, pesa ndefu sana kwa wakati ule. Alijieleza wazi kwamba kwa miaka 12 ameviingizia viwanja mamilioni ya faranga na yeye analipa kiingilio ili ashiriki, na haoni haki iko wapi.

Ziara ilianzia Madison Square Garden, New York, Oktoba 1926. Alicheza mechi 38 dhidi ya Mary K. Browne na kushinda zote 38. Lakini mlango wa mashindano makubwa ukafungwa nyuma yake, maana aliyelipwa hakuruhusiwa tena. Alikuwa na miaka 27. Tenisi ilikuja kuwaruhusu wachezaji wa kulipwa kwenye mashindano makubwa mwaka 1968, miaka 30 baada ya yeye kufa.

MWALIMU WA MIGUU

Baba yake alifariki mwaka 1929. Miaka ya 1930 Suzanne alikuwa Paris anafundisha. Yule mtoto aliyekuwa anakunjiwa leso sasa ndo alikuwa kocha, akiwaonesha watoto na watu wazima jinsi ya kusimama, kusogea na kuuhamisha uzito. Vitabu kuhusu kucheza tenisi alishaandika tangu akiwa bingwa.

Katikati ya mwaka 1938 mwili ukamwangusha kwa mara ya mwisho. Ulikuwa ni upungufu mkubwa wa damu. Julai 2 mwaka huo, Helen Wills, yule wa Cannes, alichukua ubingwa wake wa nane wa Wimbledon. Julai 4 Suzanne akafariki Paris, miaka 39. Alizikwa Saint-Ouen, nje kidogo ya jiji.

Leo pale Roland Garros uwanja wa pili kwa ukubwa una jina lake, na kombe analonyanyua bingwa wa wanawake linaitwa Kombe la Suzanne Lenglen. Wanaolibeba wanavaa sketi fupi au bukta, viuno viko huru, na hakuna gazeti linalouliza heshima iko wapi.

Siku ukikutana na fainali hiyo kwenye televisheni, usiufuate mpira kwa gemu mbili za kwanza. Angalia chini. Angalia ule mdundo wa vidole kabla mpinzani hajapiga, magoti yanavyokunjwa, mguu wa nyuma unavyosukuma na nyonga inavyotangulia kabla mkono haujasogea. Ukishaiona mara moja, Jumamosi kwenye mechi ya timu yako utaanza kuiangalia na miguu ya straika wako. Pengine utajua ni kwa nini mashuti yake yanapaa.